Chemchemi Niliyoikausha

Mimi ndiye niliyeikausha chemchemi ya ukoo wetu. Nimelisema hilo mbele ya mke wangu, watoto wangu na ndugu zangu, na sasa naliandika, kwa sababu kwa miaka mingi nilisema uongo juu yake, na watu waliniamini kwa kuwa mimi ndiye niliyesoma kuliko wote nyumbani.

Kwetu ni Lushoto, katika milima ya Usambara. Shamba aliloliacha marehemu baba linashuka mteremko hadi bondeni, na pale mteremko unapokoma palikuwa na maji yakitoka chini ya mkuyu. Hayakuwa mengi, lakini ndoo ilijaa kabla hamjamaliza kusalimiana na kuulizana habari za nyumbani. Yaliyobaki yalipita mferejini kwenda kwenye kabichi na karoti, zetu na za majirani. Hata kiangazi cha Januari hayakuwahi kukatika tangu utoto wangu. Wazee walikuwa wamepawekea mwiko: hapalimwi, hapakatwi hata ukuni mmoja.

Baba alipofariki nikawa msimamizi wa shamba, na macho yangu yakaona eneo lile limekaa bure. Mtoto wa kwanza alikuwa anakaribia sekondari, ada inanikosesha usingizi. Mikaratusi ilikuwa na soko: mafundi wa ujenzi wanataka mirunda, wachoma matofali wanataka kuni. Ni mti unaokua upesi, ukiukata unachipua tena kisikini, wala mbuzi hawausumbui. Nao hustawi zaidi penye unyevu. Hilo la mwisho ndilo lililonishusha hadi kwenye maji, na nilishuka huku nikijua.

Mama yangu alinikuta nachimba mashimo. Akasema, “Mwanangu, baba yako hakuwahi kutia jembe hapa.” Nikamwambia mambo yamebadilika. Mke wangu alingoja tukiwa wawili, akaniuliza kwa upole, “Baba watoto, si ndipo tunapoteka maji hapo? Huko juu mgongoni hakufai?” Nikamjibu kwamba miti huvuta mvua, na kwamba hata serikali inahimiza watu wapande miti. Akanyamaza, nami nikauchukua ukimya wake kuwa ridhaa. Msimu uliofuata niliukata na mkuyu wenyewe, kwa sababu kivuli chake kilidumaza miche yangu.

Kila nikilirejea jambo hili naona kwamba kosa la miti lilitanguliwa na jingine kubwa zaidi. Niliamua peke yangu juu ya maji ambayo sikuwa nikiyateka. Katika nyumba yetu waliojua chemchemi ile inatoa kiasi gani alfajiri na kiasi gani jioni, inapungua mwezi gani na kuongezeka lini, walikuwa mama yangu, mke wangu na binti zangu. Mimi nilijua bei ya mirunda. Tungekaa kikao, ujuzi wao ungetosha kuniokoa, maana walinipa bure nikaukataa. Wangari Maathai, katika kumbukumbu zake za mwaka 2006, anasimulia jinsi mama yake alivyomkataza kuokota kuni za mugumo, mti wa jamii moja na mkuyu, uliosimama karibu na kijito walichoteka maji. Baadaye mti ule ulikatwa, na kijito kikakauka. Niliposoma sehemu hiyo nilifunga kitabu, kwa sababu mama yangu mimi alikuwa amenikataza kwa maneno yanayokaribiana na yale, nami nilikuwa mtu mzima mwenye cheti ukutani.

Mkaratusi asili yake ni Australia, uliingia kwetu enzi za ukoloni, na sikusudii kuutukana. Nyumba nyingi za milimani zimeezekwa kwa mapato yake. Lakini mti unaokua kasi hunywa kasi, na kwa kuwa majani yake hayapukutiki kiangazi, unaendelea kunywa wakati ambapo ardhi haipokei kitu. Huko Mokobulaan, Afrika Kusini, watafiti waliotesha mikaratusi katika eneo zima la kijito wakawa wanapima maji. Mwaka wa 3 upungufu ulikuwa umeshaonekana wazi kwenye vipimo. Mwaka wa 9 kijito kilikauka kabisa. Miti ilipofyekwa ikiwa na miaka 16, ilibidi wangoje miaka 5 mingine ndipo maji yakatiririka tena mwaka mzima. Kwangu palikuwa na kipande kidogo tu, lakini nilikipanda mdomoni mwa maji.

Yalianza kwa kuchelewa. Ndoo ikawa inajaa polepole, kisha foleni ikaanza mahali ambapo hapakuwahi kuwa na foleni. Kiangazi kimoja yakakatika, yakarudi na masika. Kilichofuata yakakatika mapema zaidi, na mfereji ukaota majani. Majirani wa chini wakaacha kulima mboga za kiangazi, wengine wakakodi mashamba mbali.

Kwenye kikao cha ukoo niliulizwa kuna nini. Nikasema ni mabadiliko ya tabianchi. Nikaeleza kwa ufasaha, nikataja mvua za vuli zilivyovurugika, na jambo hilo ni la kweli, mkulima yeyote wa Lushoto atakuambia. Ila niliitumia kweli hiyo kuficha nyingine. Ng’ambo ya bonde, kwa jirani aliyeacha mikuyu na migomba yake, maji yaliendelea kutoka chini ya mvua zile zile. Nililiona hilo. Nilipita njia nyingine ili nisilione.

Wakati huo mke wangu na binti zetu walikuwa wanateka ng’ambo hiyo, kushuka bonde na kupanda, ndoo kichwani. Binti yangu mdogo alianza kuchelewa shule. Fedha za mirunda zililipa ada ya kaka yake, na yeye akailipa ada hiyo hiyo kwa miguu yake. Sikumwomba radhi hadi alipokuwa mkubwa. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote niliyoyaandika hapa.

Nilikuja kuvunjika kwenye mkutano wa kijiji. Ofisa alikuwa akieleza Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, ile inayozuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na maziwa, na namna katazo hilo linavyofuatwa kwenye vyanzo vya maji vijijini. Akauliza kama wapo wenye mikaratusi katika maeneo hayo. Hakuna aliyenitaja. Watu ambao bustani zao nilizikausha waliinamisha vichwa, wakanisitiri. Nilirudi nyumbani nikamwambia mke wangu kila kitu. Akasema, “Tulijua.”

Tulikaa familia nzima, na safari hii niliomba mama aanze, kisha mke wangu, kisha mabinti, nami wa mwisho. Mama alitaka mkuyu wake urudi. Mke wangu alitaka kwanza tupunguze kuni, kwa sababu alijua tukishakata mikaratusi tutavamia mti mwingine, kwa hiyo tukajenga jiko banifu kabla ya kushika shoka. Kijana wetu, yule aliyesomeshwa na mirunda, ndiye aliyeomba aongoze ukataji.

Kukata ni kazi ya muda mfupi. Kazi yenyewe ni visiki, maana mkaratusi haufi kwa kukatwa. Tunabandua gome la kisiki hadi chini, tunakifukia, na wajukuu wamepewa jukumu la kung’oa machipukizi kila wanapokuja likizo. Wanashindana, na macho yao yanaona hata chipukizi ambalo mimi nimelipita. Penye maji tumepanda vipandikizi vya mkuyu, miringaringa na mizambarau mwitu. Juu kidogo, kwenye mteremko, tumerudisha majani ya Guatemala kwa mistari inayokingama na maji, kama wataalamu wa SECAP, mradi wa kuhifadhi udongo, walivyowafundisha wazazi wetu miaka ya 1980, nasi tukayaacha yafe. Majani hayo yanazuia udongo, na mke wangu anayakata kumlisha ng’ombe bandani. Mikaratusi michache tumeipeleka mgongoni, mbali na maji, pale aliponiambia tangu mwanzo.

Binti yangu mdogo, ambaye sasa ana watoto wake, ameanzisha daftari. Kila wakitembelea nyumbani, mtoto mmoja anakinga ndoo, mwingine anashika saa, wa tatu anaandika imejaa kwa muda gani. Wakati wa masika sasa kuna cha kuandika. Kiangazi bado ukurasa unabaki mtupu, na kwa yale yaliyopimwa Afrika Kusini, sitarajii ujae upesi. Mama yangu alifariki kabla mikuyu haijafika kiunoni. Majirani wa chini niliwaendea mmoja mmoja, nyumbani kwao, nikawaomba radhi. Wengi walinisamehe. Mmoja hajanisamehe, na ana haki.

Msomaji mwenye mikaratusi karibu na maji, au unayetaka kuipanda kwa sababu ada imekubana kama ilivyonibana mimi: usiamue peke yako, wala usingoje ofisa wa kijiji. Kaeni kikao nyumbani, watoto wakiwapo, na mpeni nafasi ya kwanza ya kusema yule anayebeba ndoo.