Idd ya Wapwani Ugenini Musoma

Mtu akiwa mbali na kwao, hukumbuka kwao siku ya sikukuu zaidi kuliko siku nyengine yoyote. Siku za kazi humezwa na kazi. Lakini inapoingia alfajiri ya Idd na takbira zikaanza, moyo huuliza: mama yuko wapi, na ule uwanja tuliokuwa tukisalia uko wapi? Hili halina aibu. Ni tabia aliyotuumba nayo Mwenyezi Mungu. Lakini kila tabia njema ina mpaka wake, na mpaka huo ukivukwa, mapenzi ya kwetu hugeuka yakawa dharau ya kwa watu.

Nayasema haya kwa niliyoyaona katika mkoa wa Mara, Tanzania, kwenye Idd el-Fitri ya mwaka 2024, yaani 1445 Hijria. Nilitoka Mombasa, nikavuka mpaka Isebania na Sirari, nikapita Tarime na daraja la Kirumi juu ya Mto Mara, hata nikafika Musoma. Mji huu umekaa kwenye rasi iliyoingia katika Ziwa Victoria, una majabali makubwa, na upepo wake mtu akifumba macho atadhani yuko Mama Ngina, ila hauna chumvi.

Nilikuta huko watu wa pwani: wa Tanga, wa Unguja, wa Lamu na wa kwetu Mombasa. Wengine wamekwenda kwa biashara, wengine kwa kazi za ofisi, na wengine wamekaa mpaka wakapata wajukuu. Baada ya sala nilialikwa karamu nyumbani kwa mmoja wao. Ilikuwa karamu kweli. Palikuwa na biriani ya mbuzi, kaimati, vileja, na halwa iliyosafirishwa kwa basi kutoka pwani. Udi ulikuwa ukifuka, kanzu zimepigwa pasi, na wazee wamevaa kofia za vito, wakiulizana habari za minazi na za waliokufa. Niliona mzee mmoja ametia tonge ya halwa kinywani, machozi yakimlenga. Nami moyo wangu ulilainika.

Lakini mlango wa ua ulikuwa umefungwa. Nje walisimama watoto wa majirani, Wajita na Wakurya, na baadhi yao baba zao tulisali nao safu moja asubuhi ile. Kijana mmoja akaambiwa awafukuze, wasije wakachafua mikeka. Na humo ndani mtu akasema kwamba hawa watu wa bara hawaijui Idd, na wengine wakacheka. Aliyesema hivyo amezaliwa papo hapo Musoma.

Nikauliza juu ya fitri. Nikajibiwa kuwa wengi wao hupeleka fedha pwani ikatolewe huko, kwa kuwa huko ndiko kwao.

Hapa, ndugu zangu, tusimame kidogo. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi, fitri humwajibikia mtu kwa kuzama jua la siku ya mwisho ya Ramadhani. Hutolewa pale alipo mtu wakati huo, wapewe wanaostahiki wa mji huo, katika nafaka inayoliwa zaidi na watu wa mji huo. Kila mtu hutolewa pishi moja, yaani vibaba vinne, kadiri ya kilo 2 na nusu hadi 3. Tazama basi hekima yake. Sheria haikukuuliza umezaliwa wapi, wala kabila lako ni lipi. Imekuuliza: jua limekuzamia wapi? Aliyezamiwa na jua Musoma, maskini wake ni maskini wa Musoma. Ikiwa chakula chao ni mahindi au mtama, basi pishi yake ni ya mahindi au mtama, na akitoa kilicho bora zaidi ni kheri yake. Wako maulamaa wa madhehebu nyengine walioruhusu kuipeleka kwengine kwa haja, lakini kumdharau jirani si haja.

Tukumbuke pia Maswahaba waliohama Makka. Walipofika Madina waliugua homa, na Bilal, Mwenyezi Mungu amridhie, alikuwa akiyataja mabonde ya Makka kwa huzuni. Mtume (s.a.w.) hakuwakataza kuikumbuka Makka. Alimwomba Mola wake aifanye Madina ipendeze kwao kama Makka, au zaidi.

Siku ya pili nilikwenda Butiama, kwenye kaburi la Mwalimu Julius Nyerere, aliyezaliwa hapo mwaka 1922 akazikwa hapo Oktoba 1999. Alikuwa Mzanaki, na alikuwa Mkristo. Aliporudi kutoka masomoni Edinburgh mwaka 1952 akaenda kusomesha Pugu, aliingia Dar es Salaam akiwa mgeni. Ni nani waliompokea? Ni watu wa mjini, na wengi wao ni Waislamu. Abdulwahid Sykes, aliyekuwa kiongozi katika chama cha TAA kabla yake, alimfungulia nyumba yake. Wazee wakakaa naye, wakamshauri, na tarehe 7 Julai 1954 TANU ikazaliwa. Alipoacha ualimu mwaka 1955 kwa ajili ya siasa, hakukosa pa kulala. Hawakumwambia kuwa yeye ni mtu wa bara. Naye akaishika lugha ya pwani akaifanya lugha ya taifa zima, hata leo Mpwani hufika Musoma akauza na kununua kwa ulimi wa mama yake. Wazee wetu walimfungulia mlango mtoto wa Butiama. Sisi tunawafungia vipi watoto wa Musoma?

Wala sisemi kuwa Wapwani wote wa huko ni wa namna moja. Nilipokuwa njiani kwenda Mwanza nilishuka Bunda, nikakaribishwa na mama mmoja wa Tanga anayeuza vitumbua. Usiku wa kuamkia Idd alipima mahindi, pishi kwa kila aliye nyumbani mwake, akayapeleka kwa mkono wake kwa mafakiri wa mtaani. Kisha siku ya Idd akapika pilau, na pembeni ugali na samaki sato, akatandika mikeka nje chini ya mwembe. Jirani yake Mkristo akaja na maziwa. Hapakuwa na halwa. Nilimuuliza kama haikumbuki Tanga. Akanijibu kuwa huikumbuka kila siku, lakini wanaomwona akiugua ni hawa.

Ndugu msomaji, ni nyumba gani pwani leo isiyokuwa na mtoto ugenini? Yuko Nairobi, yuko Maskati, yuko London, au yuko Musoma. Mukimpigia simu siku ya Idd, musimuulize tu amekula nini. Muulizeni na jirani yake amekula nini.

Wabillahi tawfiq.