Ajali ya remorki inaanzia mahali pa kupakia

Kila mara kamyo inapoanguka kwenye barabara ya kitaifa nambari 1, simu yangu inajaa ujumbe kabla vumbi halijatulia. Karibu zote zina maneno yale yale: "Freni ilikatika." Wengine wanaongeza kwamba ile kona ina pepo, kwamba kila mwaka inadai watu wake. Nami napanda pikipiki, naenda kuona, nauliza mashahidi, narudi studio na kusoma habari ya sekunde arobaini: kamyo imeanguka, watu kadhaa wamejeruhiwa, freni ndiyo sababu. Kesho yake tunazungumza jambo lingine.

Leo nataka kusema kile ambacho hakiingii katika sekunde arobaini. Nimekuwa nikiifuata barabara hii kwa kazi ya redio, kutoka Kolwezi, kupita Fungurume na Likasi, hadi Lubumbashi na Kasumbalesa. Nimekaa na mashofere wengi kwenye parkingi zao. Walichonifundisha ni hiki: ajali nyingi za remorki zinaanzia mahali pa kupakia, saa nyingi kabla ya ile kona tunayoilaumu.

Wote tunajua kinachopita mbele ya nyumba zetu. Shaba inashuka kuelekea mpakani, asidi na mashine za migodi zinapanda. Kati ya kamyo hizo kuna zile za chini sana, zinazobeba pele za kuchimba, buldoza na mitambo mingine. Remorki yake imepinda mbele kama shingo ya bata: sehemu ya mbele inainuka na kukaa juu ya kichwa cha kamyo, halafu inashuka ghafla, na sakafu yake inakaa karibu na ardhi. Imetengenezwa hivyo kwa sababu moja. Mashine yenyewe ni ndefu. Ukiiweka juu ya remorki ya kawaida, itagusa nyaya, na uzito wake utakuwa juu mno, na kitu chenye uzito juu kinapinduka upesi. Kwenye nyingi kati yake ile shingo inatolewa. Wanaishusha kwa nguvu za mafuta ya mashine, kichwa kinasogea mbele, sakafu inalala chini, na pele inapanda yenyewe kutoka mbele.

Asubuhi moja pale Likasi niliomba ruhusa kwa mzee mmoja wa kazi hiyo nimwangalie akifunga na kupakia tangu mwanzo mpaka mwisho. Nilimuuliza: "Papa, ni nini kinachokuogopesha zaidi barabarani?" Alicheka. "Mwanangu, barabarani siogopi sana. Ninaogopa hapa, kwa sababu hapa ndipo mtu anafanya haraka."

Alianza na kiungo chenyewe. Chini ya shingo ya remorki kuna msumari mkubwa wa chuma. Unene wake ni milimita 50, au 90 kwa zile za mizigo mizito sana. Juu ya kichwa cha kamyo kuna sahani ya chuma yenye mdomo, mashofere wanaiita selete. Kamyo inarudi nyuma polepole, msumari unaingia mdomoni, mdomo unajifunga. Tani zote zile zinavutwa na chuma hicho kimoja, ambacho ukikishika, vidole vyako vinakizunguka.

Mlio wa mdomo ukijifunga unasikika vizuri. Vijana wengi wanausikia na kuondoka. Mzee hakuondoka. Alichukua tochi, akaingia chini, akaangalia mambo mawili: kama mdomo umeushika msumari pande zote, na kama kuna nafasi kati ya sahani ya selete na sahani ya remorki. Ukiona mwanga katikati, maana yake remorki ilikuwa juu mno, na huenda msumari umekaa juu ya mdomo badala ya kuingia ndani. Itakwenda hivyo hivyo mpaka kwenye shimo la kwanza. Kisha aliunganisha mipira ya hewa, mwekundu na wa manjano, na waya wa taa. Akafunga freni za remorki peke yake, akatia gia ya chini na kuivuta kidogo. Haikuachia. Ndipo konvoyeri wake akapewa ruhusa ya kuinua miguu ya remorki.

Hapo nilielewa pia lile neno letu la "freni ilikatika". Ule mpira mwekundu ndio unaopeleka hewa ya akiba kwenye remorki. Ukikatika, katika mfumo mzima, freni za remorki zinajifunga zenyewe. Gari linasimama, halikimbii. Kinachotokea mara nyingi kwenye mteremko mrefu ni kitu kingine: shofere ameshuka kwa gia ya juu, ameikanyaga freni dakika nyingi, vyuma vimepata moto mkali, na freni haishiki tena. Haikukatika. Imechoka kwa kutumiwa vibaya, au kwa kubeba kuliko uwezo wake. Ndiyo maana wazee wanaingiza gia ya chini kabla ya mteremko kuanza, wakati gari bado linasikia, na kuiacha injini izuie. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ambayo freni inapaswa kuimeza inaongezeka mara nne.

Baada ya kiungo, mzigo. Pele haina uzito sawa mbele na nyuma. Nyuma ya kiti cha mwendeshaji kuna injini na kipande kizito cha chuma, ili mkono wa mbele usiipindue wakati wa kuchimba. Kwa hiyo kuiweka katikati kwa kupima na macho hakutoshi. Uzito ukikaa nyuma mno, kichwa cha kamyo kinakuwa chepesi: magurudumu yanayosukuma yanazunguka bure mlimani, na mkia wa remorki unaanza kucheza kushoto na kulia. Ukikaa mbele mno, mgongo wa kichwa unabeba kuliko kipimo, na mapine yanapata moto. Ukikaa upande mmoja, kona ya upande wa pili inatosha kuangusha vyote.

Mzee alikuwa na kipimo chake. Kabla ya kupakia, aliweka alama kwa chaki mahali mgongo wa kichwa ulipokuwa ukilinganishwa na gurudumu. Pele ilipopanda, akarudi kuangalia ile alama, upande wa kushoto na wa kulia. Mara mbili alimwambia mwendeshaji asogee. Mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa akitoa ishara za mkono, na hakuna aliyeruhusiwa kusimama mbele ya mashine wala pembeni yake. Tope lilikuwa limetolewa kwenye minyororo ya pele kwa jembe, na mbao zilikuwa zimewekwa sakafuni. Nikauliza sababu. Chuma juu ya chuma kinateleza, alisema, na chuma juu ya chuma chenye tope au mvua ni sabuni.

Halafu minyororo ya kufungia. Hapa ndipo niliposimama kwa muda mrefu, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuona matokeo ya kazi hii ikifanywa vibaya. Miezi kadhaa kabla, nilikuwa nimeitwa mahali ambapo mashine iliteleza kutoka kwenye remorki, kwenye kona ya kawaida, mchana, barabara kavu. Kampuni siitaji. Mama mmoja aliyekuwa anauza mihogo pembeni alivunjika mguu, na baiskeli tatu za makala zilisagwa. Wenyewe waliruka mtaroni. Watu walisema ni freni. Lakini remorki ilikuwa imesimama vizuri kabisa mita chache mbele, juu ya magurudumu yake yote. Mashine tu ndiyo haikuwepo. Juu ya sakafu kulikuwa na minyororo miwili, na mmoja haukuwa na kikazio.

Mzee wa Likasi alitumia minyororo minne kwa mwili wa pele, mmoja kila pembe, ikivuta kwa mshazari mbele na nyuma, na wa tano kwa ajili ya ule mkono, ambao ulikuwa umelazwa mpaka kugusa sakafu. Kila mmoja ulikuwa na kikazio chake. Kanuni za Ulaya zinataka vifungo, pamoja na msuguano wa sakafu, viweze kuzuia nguvu ya asilimia 80 ya uzito wa mzigo kuelekea mbele, na asilimia 50 pembeni na nyuma. Kwa mashine ya tani 30, hiyo ni nguvu ya tani 24 ikitaka kuja kichwani mwa shofere siku atakapokanyaga freni kwa ghafla. Minyororo miwili ya kuokota haizuii hiyo. Tena baada ya kilomita chache mzee anasimama, anashuka, anakaza upya, kwa sababu mwendo wa kwanza unaulaza mzigo na mnyororo unalegea.

Njiani kuna mitego yetu wenyewe. Mahali reli inapokata barabara, njia inainuka kidogo, na tumbo la remorki ya chini linaweza kukaa juu ya reli, magurudumu ya mbele upande mmoja, ya nyuma upande mwingine. Kabla ya kuvuka, konvoyeri anashuka na kuangalia. Reli yetu ya Katanga ilijengewa nyaya za umeme wa volti 25 000, na ndani ya miji kuna nyaya nyingine ambazo watu wamezivuta nyumba hadi nyumba, chini kuliko inavyofaa. Shofere asiyejua urefu wa mzigo wake kwa mita na sentimita anacheza na maisha ya kartie nzima.

Kuna tena jambo la upande. Sisi tunakwenda kuume. Zambia wanakwenda kushoto, na kamyo nyingi zinazoingia Kasumbalesa zina usukani kuume. Huyo shofere anakaa upande wa mtaro. Akitaka kupita gari lililo mbele yake, haoni anayekuja. Na akikata kona, magurudumu ya nyuma ya remorki hayafuati njia ya kichwa, yanakata ndani. Wamotari wanaojiingiza katikati ya remorki na ukingo wanafikiri wamepata nafasi. Nafasi hiyo inajifunga.

Kwa nini basi mambo haya, ambayo kila shofere mzee anayajua, hayafanyiki? Nimewauliza. Jibu lao ni moja: muda, na nani anaulipa. Anayelipwa kwa safari, saa mbili za kukaza minyororo ni hasara kwake. Minyororo na vikazio vinanunuliwa na tajiri, si na shofere. Anayeamua mzigo uongezwe hayupo ndani ya kamyo itakaposhuka mteremko. Zambia na Tanzania zinaweka kikomo cha tani 56 kwa kamyo pamoja na mzigo, na kinachozidi kinahitaji ruhusa maalumu; mizani ipo, na shofere anayejua atapimwa mbele anapakia kwa akili. Lakini mashine inayosafirishwa kutoka mgodi mmoja hadi mwingine, ndani ya Lualaba na Haut-Katanga, haivuki mpaka wowote. Inavuka masoko yetu tu.

Ndiyo maana ninasema tuliache lile pepo la kwenye kona. Pepo haliitwi mbele ya hakimu, na freni "iliyokatika" haimlipi mama wa mihogo. Siku hizi, nikifika mahali pa ajali, naanza na maswali mengine: mzigo ulipakiwa wapi, na nani? Minyororo ilikuwa mingapi? Nani alisema gari liondoke? Mara nyingi wanaokuwepo hawapendi maswali hayo, na hapo ndipo najua ni ya maana. Viongozi wa komini na polisi ya barabarani nao wanaweza kuyauliza, na bora wayauliza kwenye lango la parkingi, kabla gari halijatoka.

Nanyi wakaaji wa kandokando ya barabara, mambo matatu. Msiweke meza za biashara upande wa ndani wa kona, hata kama wateja wanapunguza mwendo hapo. Wenye baiskeli za makala, mkisikia remorki ya chini inakuja nyuma, shukeni na kusimama mpaka mkia wake upite, kwa sababu mkia ndio unaoua. Na mkiona mnyororo unaning'inia au unaburuzika, msicheke na kupiga picha. Inueni mikono yote miwili, mwonyesheni shofere nyuma. Wengi wao wanasimama. Wanatujua, na wao pia wana watoto nyumbani.