Kujilinda barabarani, kujilinda katika simu

Kila siku ya posho asubuhi ninajifunza judo pamoja na wasichana wa kartie yetu. Jioni mbili kwa juma, kisha kufundisha, ninafuata mafunzo ya usalama wa mitandao ya kompyuta. Wenzangu wananiuliza: "Mwalimu, unafanya vyote viwili juu ya nini?" Ninawajibu kwamba kwangu ni somo moja.

Hapa Lubumbashi, binti anayesoma mchana anafika Katuba ao Ruashi giza likiingia, na mara nyingi umeme umekatika. Mama anayeshika likelemba anabeba feza ya wenzake wote ndani ya simu. Wote wawili wako na mtu anayewavizia, na mtu huyo anategemea jambo moja: kwamba watashtuka.

Judo ilianzishwa Tokyo, Japani, mwaka 1882, na Jigoro Kano. Alikuwa mwalimu, na kwa miaka mingi aliongoza chuo cha kutayarisha walimu. Jina lenyewe maana yake ni njia ya ulaini. Anayeanza hafundishwi kwanza kuangusha mtu. Anafundishwa kuanguka: kidevu kifuani ili kichwa kisigonge chini, mkono upige mkeka. Kisha anajifunza kutoshindana na nguvu za anayemsukuma. Mtu akikushika mkono, usivute tu. Zungusha mkono wako kuelekea kidole gumba chake, maana pale ndipo mshiko ni dhaifu.

Lakini mkufunzi wetu anarudilia kila mara: ushindi wa kwanza ni kuona mapema, kupaza sauti na kukimbia. Mfuko ao simu, uache viende.

Je, mafunzo haya yanasaidia kweli? Nairobi, katika mitaa ya maskini, wasichana wa sekondari walifundishwa saa 12 kwa muda wa majuma sita: kusema hapana kwa sauti, kutambua hatari, kupigana ikiwa hakuna njia ingine. Matokeo yalitangazwa mwaka 2013. Mbele ya mafunzo, karibu msichana mmoja kwa wanne alikuwa ameshambuliwa kingono katika mwaka uliopita. Miezi kumi kisha mafunzo, walikuwa chini ya mmoja kwa kumi. Kwa wale ambao hawakupata mafunzo hayo, hesabu karibu haikubadilika.

Sasa simu. Mwizi wa simu naye anakusukuma ili ukose usawa. Mama mmoja anayetunza feza ya kikundi katika kartie yetu alipata ujumbe unaofanana kabisa na ule wa kupokea feza. Dakika mbili kisha, mwanaume akapiga akilia: "Mama, nilikosea namba, unirudishie mbio, mtoto iko hospitali." Akarudisha. Feza yenyewe haikuwa imeingia hata siku moja. Ilikuwa ya masomo ya watoto, na wenzake wakamsema kwamba ameikula. Mwizi alikamata feza, na kidogo tu akamate na kikundi.

Kumbe dawa ilikuwa kutulia na kutazama mwenyewe kiasi kilicho katika akaunti. Anayesema amekosea, amwombe kampuni yake imsaidie. Wewe usirudishe kitu kwa haraka yake.

Katika mafunzo ya mitandao nilikuta mambo yaleyale. Kifaa cha wifi kinakuja na neno la siri la kiwandani ambalo wengi wanalijua. Ulibadilishe siku ya kwanza. Usitumie neno moja la siri kwa kila kitu, maana likipatikana moja, milango yote imefunguka. Zile namba sita WhatsApp inazotuma, usimpe mtu, hata akijiita pasta. Akizipata ataomba ndugu zako feza kwa jina lako. Na ujifunze kuanguka: nakala ya picha na namba za watu iwe pahali pengine, na utambulisho wa simu (bonyeza *#06#) uandikwe katika daftari.

Jambo ngumu zaidi ni picha. Kijana anamtishia binti: nipe feza, ao nitazitawanya. Asilipe, maana atarudi tena. Asifute ujumbe, ni ushuhuda. Tangu tarehe 13 Machi 2023 nchi yetu iko na Sheria ya Mambo ya Dijitali, inayoadhibu pia kusumbua watu kwa njia ya elektroniki. Lakini binti hatafika mbele ya sheria kama anaogopa mama yake. Siku akikuambia, neno lako la kwanza liwe: "Asante kwa kuniambia." Kosa ni la yule anayetisha.

Judo haizuii bunduki, na hakuna neno la siri linalozuia kila mwizi. Lakini mwili na akili vilivyozoea havigandi siku ile ya hatari.

Ninaomba basi kila kikundi kitoe nusu saa katika mkutano ujao: dakika kumi za kupaza sauti na kufungua mshiko, dakika ishirini za kutazama simu zetu pamoja. Muje na mabinti zenu. Mulete daftari, na muvae suruali chini ya kikwembe.