Dari ya Pamba

Aliyepata kufundisha chini ya bati la geji 30, saa nane mchana, mwezi wa Februari, anajua jinsi darasa zima linavyosinzia pamoja na mwalimu wake. Mvua ikinyesha ni mkasa mwingine: hasikiki mtu. Chuo cha ualimu kilitufundisha kuandaa somo. Kushindana na bati tulijifunza wenyewe.

Shule niliyoiongoza ilikuwa kati ya Musoma na Bunda, katika nchi ya pamba. Pamba ikichambuliwa hubaki nyuzi fupi zilizochanganyika na vumbi na vipande vya majani, ambazo hazina mnunuzi. Mafundi cherehani wa mjini nao hutupa vitambaa vilivyobaki. Tukaomba vyote. Wanafunzi wakavitia katika magunia, wakayashona kama magodoro membamba, tukayapanga juu ya dari ya darasa moja. Kinachozuia joto hasa ni hewa iliyonaswa katikati ya nyuzi. Mimi nilidhani kushindilia ni kuongeza ubora, na magunia ya kwanza yakaharibika kwa ujuaji wangu.

Msimu mmoja tulifundisha kwa raha. Mvua ilisikika kana kwamba inanyesha kijiji cha jirani. Panya walikuja, hilo nilikuwa tayari kulivumilia. Kisha akaja mkaguzi, akatazama juu, akatazama mlango, ambao ulikuwa mmoja, akaniuliza: "Mwalimu, moto ukishika huko juu, watoto hawa watatokea wapi?"

Sikuwa na jibu.

Baadaye nilisoma kwamba Marekani hupasua nguo kuukuu za jinzi, wakatia nyuzi zake chumvi za boraksi, ambazo hupunguza kasi ya moto na kufukuza wadudu, ndipo wakazitumia kutani na darini. Basi wazo letu halikuwa la kipumbavu; lilipungukiwa na chumvi. Mwalimu Nyerere, jirani yetu wa Butiama, alitukemea mwaka 1977, miaka kumi baada ya Azimio la Arusha, kwa kung'ang'ania saruji na bati. Nilikubaliana naye, na bado nakubaliana naye, ila sasa namuuliza mjenzi kwanza habari za moto.

Jioni ile ile tuliyashusha magunia, tukayachoma nyuma ya jiko la shule. Nilitazama saa yangu. La kwanza halikumaliza dakika mbili.