Mashua, Mto na Tufani

Watu wengi hudhani kuwa mto ni maficho. Bahari ikichafuka, chombo na kikimbizwe mtoni, kifungwe baina ya kingo mbili, na mwenyewe alale usingizi. Dhana hii si ya kipumbavu. Imetokana na uzoefu wa vizazi vingi, na kwetu, ukingoni mwa hori ya Mtwapa nilikolelewa, ni kweli tupu. Kusi linapovuma kwa nguvu, wavuvi huingiza madau yao ndani ya hori, nyuma ya mikoko, na bahari hubaki nje ikipasuka juu ya miamba bila ya kuwagusa. Lakini kusi si tufani. Katika kufundisha jiografia nimetafuta mara nyingi mfano wa kuwaonyesha wanafunzi namna upepo uwezavyo kuyaendesha maji, wala sikupata mfano bora kuliko mto mmoja wa Marekani uitwao Caloosahatchee.

Mto huu uko Florida, jimbo lililochomoza baharini kama kidole upande wa kusini mashariki wa nchi ile. Hutiririka kuelekea magharibi hata ukaingia Ghuba ya Meksiko nyuma ya kisiwa cha Sanibel. Kilomita zaidi ya 20 kabla ya kufika kinywani mwake waupita mji wa Fort Myers, na hapo ni mpana zaidi ya kilomita moja. Ukingoni mwa mji yako magati ya kufungia mashua. Nyingine ni za matanga, nyingine za mitambo, na nyingine ni nyumba hasa: zina vitanda, majiko na rafu za vitabu, na wenyewe hawana makao mengine duniani. Siku ya shwari mtu aliyesimama pale haioni bahari hata kwa mbali.

Tarehe 28 Septemba 2022 tufani iliyopewa jina la Ian ilitua katika kisiwa cha Cayo Costa, kaskazini magharibi ya kinywa cha mto huo, ikiwa na upepo wa kilomita 240 kwa saa. Sasa, msomaji, tuliza akili, maana hapa ndipo penye siri. Tufani za kaskazini ya Ikweta huzunguka kinyume cha mwendo wa akrabu za saa. Ikitua katika pwani inayotazama magharibi, basi upande wa kaskazini wa kitovu chake upepo hutoka barani kwenda baharini, na upande wa kusini hutoka baharini kwenda barani. Mji wa Tampa, ulio mwendo wa kilomita kama 200 kwa barabara kutoka Fort Myers, ulikuwa kaskazini ya kitovu. Maji ya ghuba yake yalisukumwa nje hata tope la chini likaonekana, na watu wakashuka kulitazama. Fort Myers ulikuwa kusini. Huko bahari ilisukumwa ndani ya kinywa cha mto, na mto, badala ya kutoa maji, ukayapokea. Upepo ni ule ule, siku ni ile ile. Watu wa Tampa waliyaona mambo haya tena mwaka 2024: tarehe 26 Septemba tufani Helene, iliyopita mbali baharini, iliijaza ghuba yao kupita kiasi, na tarehe 9 Oktoba tufani Milton, iliyotua kusini yao, ikaimwaga.

Mbele ya mji wa Fort Myers maji yalipanda mita 2.2 hivi juu ya kiwango cha kawaida cha maji kujaa. Najua mwanafunzi wa Mombasa atacheka. Kwetu siku za bamvua maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na hapana anayeita hayo msiba. Lakini kule tofauti ya maji kupwa na kujaa haifiki nusu mita. Kila kitu ukingoni mwa mto ule, yaani ngazi, gati, nguzo na nyumba, kilijengwa kwa kipimo hicho kidogo. Maji hayana haja ya kuwa mengi. Yatosha yawe mengi kuliko yalivyotazamiwa. Watu kiasi cha 150 walikufa Florida kwa sababu ya Ian, na wengi wa wale waliouawa na nguvu ya tufani yenyewe walikufa kwa maji.

Katika mito ya aina hii magati mengi huelea. Gati limeshikwa kwa pete kwenye nguzo zilizochomekwa chini ya mto, nalo hupanda na kushuka pamoja na maji. Ni ufundi mzuri, ila una mpaka, na mpaka wake ni urefu wa nguzo. Maji yakivuka ncha ya nguzo pete hutoka, na gati zima huondoka pamoja na mashua zote zilizofungwa juu yake. Hapo aliyefunga vizuri na aliyefunga vibaya huwa hali moja. Gati lisiloelea nalo lina balaa yake: hubaki chini ilhali mashua inapanda, na kamba iliyofungwa fupi huivuta mashua ubavu hata ikanywa maji, au hung'oa chuma kilichofungiwa. Picha za Fort Myers baada ya tufani zinaonyesha vyombo vimepandana kama samaki kapuni, na vingine vimelala juu ya nchi kavu.

Nilimpelekea mjomba wangu, mvuvi wa siku nyingi, picha moja ya namna hiyo. Hakuzitazama mashua. Alizitazama kamba.

"Ewe mpwa wangu," akasema, "hizi zimekatika au zimefunguka?"

Picha haikuonyesha.

"Upepo haukati kamba," akaendelea. "Kamba hukatwa na kusuguliwa. Upepo unaileta tu penye makali."

Mabaharia wa kule wanasema vivyo hivyo. Tufani inapotangazwa, kazi yao ya kwanza ni kuongeza kamba, na ya pili ni kuzivika mpira au kitambaa kizito kila zinapopita juu ya ukingo wa mashua. Kamba huwa ndefu, zikivuka kutoka omo hata gati la upande wa pili, ili chombo kipate kupanda bila ya kubanwa. Matanga hayakunjwi tu, huvuliwa, kwa kuwa tanga lililokunjwa upepo hulifungua ukalipasua. Kila kilicho juu ya sitaha huteremshwa. Bomba la kufulia maji ya ngama hujaribiwa. Wengine, hasa kusini ya jimbo, huziacha gati kabisa, wakaingia katika vijito vya mikoko na kufunga chombo kila upande kwa mizizi, kikakaa kama buibui katikati ya utando wake. Mjomba alifurahi aliposikia habari ya mikoko.

Na baada ya kujiandaa hivyo, iko mashua ya jirani. Mwenyewe yuko mbali, au amefunga kamba mbili zilizooza. Itakapokatika itakuja moja kwa moja juu ya mashua yako, na kamba zako nne mpya hazitakuwa na la kusema. Kwa sababu hiyo, mtu mwenye akili akimaliza kufunga chombo chake hupita gatini na kukaza kamba za wasiokuwapo. Sijui malezi ya ujirani yaliyo bora kuliko hayo.

Sisi tunaokaa karibu na Ikweta tumesalimika, kwa kuwa hapa mzunguko wa dunia hauwezi kuupinda upepo kiasi cha kuufanya tufani. Walakini tusijivune. Mwezi wa Aprili 1872 tufani iliipiga Unguja, ikang'oa mikarafuu kwa wingi na kuvitupa pwani vyombo vilivyokuwa bandarini, merikebu za Sultani Barghash zikiwamo. Tarehe 4 Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika kisiwani Mafia, bahati njema kikiwa kimekwisha dhoofika.

Limebaki swali la mwenye mashua mwenyewe: akae chomboni au aondoke? Wako wanaokaa. Husema watalegeza kamba maji yakipanda na kuwasha mtambo upepo ukizidi. Mimi siwaiti mashujaa. Katika upepo wa kilomita 240 kwa saa mtu hawezi kusimama juu ya sitaha, sembuse kushika kamba iliyokazwa na uzito wa tani kumi. Ushujaa wote wa kazi hii umo katika siku mbili za kabla. Yanayobaki baadaye ni ukaidi. Sheria ya Florida imelitambua jambo hili: onyo la tufani likisha kutangazwa, kwa kawaida mwenye gati haruhusiwi kumlazimisha mtu aje kuiondoa mashua yake, na sababu iliyotajwa ni kuwa uhai wa mwenye chombo watangulia mali. Katika wilaya ya Fort Myers amri ya kuwahamisha watu ilitolewa tarehe 27 Septemba, siku moja tu kabla ya Ian kutua.

Nilipoyasema haya darasani, msichana mmoja wa nyuma aliinua mkono.

"Mwalimu, na yule ambaye mashua ndiyo nyumba yake, aende wapi?"

Nikamweleza kuwa kule shule hufunguliwa, watu wakalala sakafuni mpaka upepo upite, na wengi hungoja siku kadhaa kabla ya kuruhusiwa kurudi mtoni kutazama kilichosalia. Akafikiri kidogo, kisha akauliza kama paka huruhusiwa kuingia. Nikamwambia kuwa katika baadhi ya shule huruhusiwa.