Kutwika, Kujitwika na Kutua

Hakuna mwanafunzi aliyepitia shule ya upili nchini Kenya ambaye hajawahi kutakiwa kuandika insha ya kuthibitisha ukweli wa methali isemayo haba na haba hujaza kibaba. Kijana mmoja wa Matinyani aliiandika mara nne, na mara zote nne alituzwa alama za kuridhisha. Aliipambia visa vya kila aina: mjane aliyeweka akiba, mkulima aliyeotesha mche mmoja kila msimu, mwanafunzi aliyejifunza maneno matatu kila siku, hata mchwa na kichuguu chao. Miezi saba baada ya kuhitimu kidato cha nne, kijana huyo alilala chali mkekani kwa siku tisa, asiweze kuinama kufunga kamba za viatu, kwa sababu ya kuidharau methali iyo hiyo.

Matinyani ni soko la Kitui Magharibi, katika nchi ya Wakamba iliyozoea kuyahesabu mawingu. Mvua hutarajiwa misimu miwili, ile ya Machi hadi Mei na ile ya Oktoba hadi Disemba, na aghalabu ni hii ya pili ambayo wakulima huitumainia zaidi. Kiangazi kikishika, mito hukauka juu, maji yakabaki chini ya mchanga, nao watu huyafukua. Nyuma ya kinu kimoja cha kusaga unga sokoni hapo palikuwa na kibanda kisicho na ukuta wa mbele, ambacho vijana walikiita jimu. Humo hamkuwa na chuma chochote minghairi ya mabomba mawili ya maji yaliyokwisha kutupwa. Uzito wenyewe ulikuwa zege: saruji, mchanga na kokoto zilizosindiliwa ndani ya makopo ya mafuta ya kupikia na ndoo za rangi, bomba likapitishwa katikati kabla zege halijakauka. Hata hivyo wote walisema kwamba wanakwenda kunyanyua vyuma. Lugha nayo hupenda kujikweza.

Kijana alikuwa na sababu ya haraka. Matangazo ya kuwaajiri makurutu wa Jeshi la Ulinzi la Kenya humtaka mwanamume awe na uzani usiopungua kilo 54.55. Yeye alipopimwa mara ya mwisho alikuwa na kilo 52. Alihitaji kilo mbili na nusu za mwili, pamoja na mabega ambayo afisa angeyaona kabla ya kusoma cheti. Waama, katika boma ambalo karo ya chuo haikuwa imepatikana, na ambalo wadogo zake wawili walikuwa bado shuleni, kilo hizo hazikuwa jambo la kujipamba. Siku ya kuajiri ilikuwa imebaki miezi mitatu.

Siku ya kwanza alilitazama bomba lililokuwa na ndoo mbili za lita kumi, moja kila upande. Alifanya hesabu kichwani. Lita kumi na lita kumi ni lita ishirini. Mtungi wa maji wa lita ishirini una kilo ishirini. Mama yake huubeba mtungi huo kila jioni. Basi yeye mwanamume atashindwaje? Hesabu ilikuwa safi, na kosa lake lilikuwa moja tu. Lita moja ya maji ina kilo moja, ilhali lita moja ya zege ina zaidi ya kilo mbili. Hakuna aliyemwambia hivyo, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amewahi kuupima uzito ule. Wakubwa wa kibanda walilijua bomba hilo kwa jina la "lile kubwa", na jina hilo liliwatosha.

Kwa majuma manne ya kwanza kila kitu kilimpa sababu ya kujiona yu sahihi. Nguvu ziliongezeka upesi mno. Bomba ambalo Jumatatu lilimtetemesha mikono, Jumatatu ya pili lilikwenda juu mara tano, na ya tatu mara nane. Alichokuwa hajui ni kwamba nguvu za mwanzo hazitokani na nyama mpya. Mwaka 1979 watafiti Moritani na deVries walionyesha kwamba katika majuma ya awali ni neva zinazojifunza: ubongo hujua namna ya kuiita misuli mingi zaidi kwa wakati mmoja, nayo misuli yenyewe bado ni ile ile. Kano zinazoifunga misuli kwenye mfupa huchelewa zaidi. Mtu huwa amepata dereva hodari kabla gari halijakazwa boliti. Kijana aliziona nguvu, akadhani mwili wote umefika.

Akaongeza siku. Wenzake walifanya mazoezi mara tatu kwa juma. Yeye alifika kila jioni, Jumapili nayo ikiwemo, akiamini kwamba siku ya kupumzika ni siku iliyopotea. Akaongeza na mayai mabichi mawili kila asubuhi, kama alivyoelekezwa na mkubwa mmoja wa kibanda aliyekuwa na kifua kipana na maneno mengi. Mayai hayo hayakumdhuru, ila yalimpotezea nusu ya faida. Utafiti uliochapishwa mwaka 1998 na Evenepoel na wenzake wa Ubelgiji uligundua kwamba mwili hufaidi kiasi cha asilimia 91 ya protini ya yai lililopikwa, na asilimia 51 tu ya yai bichi. Wakati huo huo gunia la ndengu lilikuwa limesimama jikoni kwao. Gramu mia moja za ndengu kavu zina takriban gramu 24 za protini, na zikichanganywa na mahindi, kama wafanyavyo Wakamba katika chakula chao cha muthokoi na jamii ya kunde, kila kimoja hukamilisha upungufu wa mwenzake. Lakini ndengu kilikuwa chakula cha kila siku, na kijana alitaka chakula cha mashujaa.

Juma la tano, jioni ya Alhamisi, aliinama kuliinua lile kubwa kutoka sakafuni. Aliinama kwa kiuno, magoti yamenyooka, mgongo umepinda kama upinde. Bomba lilifika magotini. Kisha kitu kikamchoma chini ya mgongo, naye akaliachia, ndoo moja ikapasuka na zege likaonekana ndani, la kijivu, likiwa na alama za mkebe.

Nyumbani alilazwa kwenye mkeka. Jambo lililomtesa kuliko maumivu ni mlio wa mitungi. Kila jioni aliwasikia mama yake na dada yake wa miaka kumi na mitatu wakirejea kutoka mtoni, na zamu yake ya kwenda na punda ikiwa imeangukia dada huyo. Nyanya yake, ambaye huko Ukambani huitwa Susu, alikuwa akikaa karibu na mkeka akichambua ndengu kwenye uteo. Alikuwa mwanamke wa miaka sabini na ushei, aliyewahi kubeba mawe ya kujengea mabwawa ya mchanga pamoja na wenzake wa mwethya, ule umoja wa kusaidiana kazi. Siku ya tatu alimwuliza, "Mzigo huo uliuanzia wapi?"

"Niliuanzia pale nilipoukuta, Susu."

"Basi hukuuanza, mjukuu wangu. Uliudandia katikati."

Hakusema mengi zaidi siku hiyo. Ila siku zilizofuata, kwa vipande vipande, alimsimulia alivyofundishwa kubeba maji. Chombo chake cha kwanza kilikuwa kibuyu ambacho mtoto angeweza kukikumbatia. Hakuna aliyekihesabu kuwa mzigo. Kilikuwa mchezo wa kumfuata mama. Baadaye kibuyu kikubwa zaidi, na kila chombo kilikaa naye msimu mzima au zaidi kabla ya kingine. Ule ukanda wa ngozi unaopitishwa kwenye paji la uso, mukwa, alivalishwa ukiwa hauna kitu kwanza, ili shingo iujue. Alifundishwa kupiga goti mbele ya mzigo, kuuvuta hadi ugusane na mgongo usibaki nafasi, na kusimama kwa mapaja. Zaidi ya yote alifundishwa kwamba msichana hasimami na mtungi peke yake kama pana mwenzake karibu. Mwenzake humtwika.

Mwanafunzi wa Kiswahili hawezi kulipita neno hilo bila kusita. Kiswahili kina kutwika, kitendo cha kumwekea mwingine mzigo kichwani au mgongoni. Kina kutwikwa, kutwikana na kujitwika. Tena kina kutua, kuushusha, na kutuana, watu wanaposhushana mizigo. Familia nzima ya vitenzi imejengwa juu ya dhana kwamba mzigo una watu wawili, na kujitwika, kwa matumizi ya kila siku, ndilo umbo lenye harufu ya lawama: husemwa juu ya mtu aliyejitakia makuu. Katika kibanda cha nyuma ya kinu, yule anayesimama karibu na mnyanyuaji ili alidake bomba likimshinda hakuwa na jina lolote la Kiswahili, na jioni ile ya Alhamisi hakuwako.

Yumkini fasihi nayo ina sehemu yake ya lawama. Kijana aliupenda Utenzi wa Fumo Liyongo, ulioandikwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913, na alichokipenda ni mkoba. Humo, shujaa hutoa kinu na mchi wake, jiwe la kusagia, vyungu na mafiga, mizigo ya kuwashangaza watu. Shuleni walifundishwa kustaajabia nguvu hizo. Hakuna aliyetaja kwamba vitu vyote hivyo ni vya jikoni, na kwamba palikuwapo wanawake waliovihamisha vitu vivyo hivyo kila walipohama. Tena utenzi haukawii katika utoto wa Liyongo. Tunamkuta amekwisha kuwa na nguvu. Shujaa wa utenzi huanzia katikati. Hiyo ni haki ya shujaa, lakini ni mwalimu mbaya wa kijana mwenye kilo 52.

Siku ya kumi alipelekwa hospitalini. Mtaalamu wa tiba ya viungo alimgusa mgongo, akamwinamisha na kumgeuza, kisha akamweleza kwamba mfupa haukuvunjika na kwamba kulala siku zote hizo kulikuwa kosa la pili. Mgongo wa aina hiyo hutaka mwendo mdogo, unaoongezwa kidogo kidogo. Alimtajia pia habari ya Thomas DeLorme, daktari wa jeshi la Marekani, ambaye katika miaka ya 1940 aliwatibu askari waliojeruhiwa kwa kuwanyanyulisha uzito. Utaratibu aliouandika pamoja na Arthur Watkins mwaka 1948 ulikuwa mwepesi kuukumbuka: utafutwe kwanza uzito ambao mtu anaweza kuuinua mara kumi tu, kisha ainue nusu yake mara kumi, robo tatu yake mara kumi, na wote mara kumi, na uzito huo upimwe upya kadiri nguvu zinavyokua. Kijana aliuliza nusu ya lile kubwa ni kilo ngapi. Mtaalamu akamwuliza lile kubwa lina kilo ngapi.

Ndipo, alipoweza kutembea hadi sokoni, alipowaomba wenzake walipeleke bomba kwa mfanyabiashara wa nafaka. Ndoo ile iliyopasuka ilikuwa bado imeshikilia zege lake. Walilining'iniza kwenye mizani ya kupimia magunia ya ndengu, watu wakacheka, na mshale ukasimama kwenye kilo 51. Kilo moja pungufu ya uzani wake mwenyewe.

Isidhaniwe kwamba maji ya kiangazini ni mazoezi ya kusifiwa. Mwaka 1986 G. M. O. Maloiy na wenzake walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya kuwapima wanawake wa Kiluo wanaobeba kwa kichwa na wa Kikuyu wanaobeba kwa ukanda wa paji la uso. Waligundua kwamba waliweza kubeba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzani wao bila kutumia nishati ya ziada. Habari hiyo ilishangiliwa kote ulimwenguni. Lakini hesabu yake ina upande wa pili. Mwanamke wa kilo 60 hupewa bure kilo 12. Mtungi wa lita ishirini unazidi hapo kwa kilo nane, na hizo hulipiwa. Susu alikuwa na kidimbwi cha upara mdogo pale mukwa ulipokaa, na shingo isiyogeuka upande wa kushoto. Ujuzi wake ulikuwa wa kweli, na ulimgharimu. Hakuwahi kuwa na siku ya kupumzika ya kuchagua.

Siku ya kuajiri makurutu ilifika kijana akiwa bado anatembea kwa tahadhari. Wenzake wawili walikwenda, mmoja alichukuliwa. Aliyasikia hayo akiwa mtoni na dada yake, akimtwika.

Miezi miwili baadaye alikoroga zege mwenyewe. Alitafuta makopo manne ya ukubwa mbalimbali, akayajaza, akayaacha siku kadhaa yakauke, kisha akayapeleka kwenye mizani ya ndengu na kuandika kilo za kila moja kwa makaa ubavuni. Dogo kuliko yote lilikuwa na kilo mbili na robo. Yule mkubwa mwenye kifua kipana alipoliona alicheka hadi akashika ukuta.

Jioni Susu alilikuta uani, karibu na kinu cha kutwangia.

"Hili ni la mtoto yupi?"

"Ni langu, Susu."

Aliliinua kwa mkono mmoja, akalizungusha, akayatazama maandishi ya makaa ambayo hakuweza kuyasoma. Akalirudisha pale pale alipolikuta, akaketi na uteo wake.