Iko sawa

Vidole vitatu upande wa kulia, kidole kimoja na nusu upande wa kushoto. Hivyo ndivyo yaya alivyopima nafasi iliyopo kati ya tairi la nyuma na ukingo wa bati juu yake, Jumapili asubuhi, uani kwetu Katuba, siku moja baada ya kulichukua gari garajini. Aliinama kulia, akaenda kushoto, akarudi kulia. Kisha akaniita niweke vidole vyangu mimi, maana vyake hakuviamini tena.

Gari lenyewe ni Golf 4 aliyotuachia papa. Lilitoka Ubelgiji likiwa limekwisha kutumika, papa akaliendesha miaka mingi kati ya nyumbani na shule aliyofundisha, na baada ya matanga likakaa chini ya mwembe bila mtu kuligusa, mpaka yaya alipopata kazi Kolwezi. Kwa mshahara wake wa nne alinunua seti ya resori na amortiseri za kurekebishwa, zile ambazo gari hupandishwa au kushushwa kwa kuzungusha pete ya chuma kama mtu anavyozungusha kifuniko cha chupa. Mama hakufurahi. Kwa barabara zetu, zenye dodani zilizojengwa bila kipimo na mashimo ambayo mvua za Januari huyageuza madimbwi, kushusha gari sentimita nne ni jambo linalohitaji maelezo. Yaya hakuwa nayo. Alitaka tu gari la papa lionekane lina mwenyewe.

Aliyefanya kazi ni mzee mmoja wa Kamalondo, fundi yuleyule aliyelitunza gari tangu enzi za papa. Jumamosi jioni alipotukabidhi funguo, yaya alimuuliza kama pande zote mbili ziko sawa. Mzee alifuta mikono kwa kitambaa, akajibu, "Iko sawa."

Mimi nasoma lugha, na neno hilo limenisumbua tangu siku ile. Sawa ni ulinganifu: hiki na kile havizidiani. Sawa ni kibali pia: hakuna shida, nenda zako. Darasani tunafundishwa kwamba muktadha ndio unaochagua maana. Muktadha wa garaji, saa kumi na mbili jioni, giza linaingia na jenereta inanguruma, haukuchagua kitu. Yaya alisikia neno la kipimo. Mzee alikuwa amesema nini, tulikuja kulijua baadaye sana.

Jumatatu tulirudi. Yaya hakusalimu. Mbele ya vijana wote wa garaji alisema kwamba resori ya kushoto si ile aliyoileta, kwamba mpya imeuzwa na mahali pake pamewekwa nyingine iliyochoka. Mzee alimtazama kwa muda. "Mtoto, papa yako hakunisemeaka hivi," alisema, kisha akarudi chini ya lori alilokuwa akilitengeneza. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya yaya. Sikusema neno, na kunyamaza kwangu kulihesabika upande wake.

Nyumbani yaya alichukua kriki na kuzungusha mwenyewe. Kwa gari la namna hii, nyuma resori inasimama peke yake na amortiseri iko kando, kwa hiyo urefu unatoka kwenye pete ya resori. Aliipandisha ya kushoto mpaka vidole vitatu vikaingia pande zote, akapiga picha, akaridhika.

Gari halikuridhika. Ukiinua kona moja, uzito haubaki ulipokuwa: unaongezeka kwenye kona hiyo na kwenye ile inayoelekeana nayo kimshazari, huku kona mbili nyingine zikipungukiwa. Ni meza yenye mguu mmoja mrefu. Siku ya mvua, kwenye njia ya Kasapa, kila yaya aliposhika breki gari lilivuta kulia, na mara moja lilituelekeza kwa mama mmoja aliyekuwa akivuka na beseni la ndizi kichwani. Aliruka kando. Ndizi nyingine zilimwagika. Tulishuka kuziokota na kuzilipa, na hatukuzungumza mpaka tulipofika nyumbani.

Yaya aliporudi Kolwezi aliniachia funguo na kazi moja: tafuta ni nini.

Kwanza niliirudisha pete mahali mzee alipokuwa ameiweka. Haikuwa vigumu, kwa sababu alikuwa amepaka alama ndogo ya rangi nyeupe, kulia na kushoto, kwa urefu uleule. Mtu anayeiba resori hapaki alama. Hilo peke yake lingetosha kunirudisha Kamalondo siku hiyohiyo, lakini nilijipa sababu ya kuendelea kupima.

Ua wetu unateremka kuelekea mtaroni, basi nililipeleka gari kwenye uwanja wa saruji wa parokia. Nililisukuma mbele na nyuma kidogo, kwani gari likitoka juu ya kriki matairi hung'ang'ania chini na kulizuia lisikae kwa uzito wake. Kushoto kulikuwa chini. Niligeuza gari lielekee upande wa pili: kushoto bado. Binamu yangu akaja tukabadilishana resori, ya kushoto kulia na ya kulia kushoto. Kama maneno ya yaya yangekuwa kweli, ulegevu ungehamia upande wa pili pamoja na resori yake. Haukuhama. Tulilegeza bolti mbili zinazoshika ekseli ya nyuma, tukazikaza upya gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, maana raba ikikazwa gurudumu linaning'inia hubaki imejipinda na kulisukuma gari. Tulipata milimita 2.

Ndipo nikaacha vidole nikachukua mita ya jirani anayeweka vigae. Kutoka katikati ya gurudumu mpaka ukingo wa bati, ili upepo wa tairi usiingilie hesabu: kulia milimita 342, kushoto 326. Kutoka saruji mpaka chini ya mlango, pale inapokaa kriki: kulia na kushoto zilipishana milimita 2 tu. Nilipima mara tatu. Gari lilikuwa limenyooka. Bati ndilo lililokuwa chini.

Nilibisha hodi kwenye bati la kulia kwa kifundo cha kidole, likaita. La kushoto lilijibu kizito, kama ukuta. Nilileta sumaku niliyoitoa kwenye spika mbovu: kulia ilinasa, kushoto ilianguka. Chini ya rangi kulikuwa na mastiki nene kuliko bati lenyewe.

Mama alikuwa akitwanga sombe. Hakuacha kutwanga.

"Papa yenu alirudi nyuma akagonga nguzo," alisema. "Mwaka ule wa Exetat yako. Pesa ilikuwa moja, ya tolie mzuri ao ya mtihani. Yule mzee akamtafutia kijana wa kuziba kwa bei ndogo, tena kwa deni. Papa akamwambia, watoto wasijue."

Nilimpigia yaya usiku. Nilimsomea namba zote kwa mfuatano, kama mtu anayesoma ripoti, kwa sababu sikuweza kuanza na nguzo. Nilipofika kwenye nguzo alikaa kimya muda mrefu hata nikadhani mtandao umekatika.

"Usiguse zile pete," alisema mwishowe.

Bati hatujalinyoosha. Yaya anasema atatafuta tolie pesa ikipatikana, na mimi kila mara namuuliza pesa ipi. Ukisimama nyuma ya gari, tofauti inaonekana wazi, na rafiki zake wa Kolwezi wanaojua mambo ya kushusha magari wamemcheka.

Jumamosi iliyofuata alikuja, tukaenda Kamalondo. Mzee alikuwa chini ya gari la mtu, miguu tu ikionekana, kandambili moja imemtoka. Yaya alivua kofia, akachuchumaa hadi kichwa chake kikawa karibu na ardhi.

"Papa, niko naomba samahani. Ile siku nilisema mubaya."

Tulisikia spana ikigonga chuma mara mbili, tatu. Halafu sauti ikatoka huko chini ikauliza kama breki za mbele zimeangaliwa, kwa sababu gari lilipoingia amesikia kitu upande wa kulia. Yaya akasema hapana, hazijaangaliwa. Mzee akamwambia alisogeze karibu, na mimi nilete kriki.